Ukanda wa Nne

Edmundston, Januari, nyuzi ishirini na saba chini ya sufuri.
Bibiane Cyr ananifungulia mlango wa nyuma
kavaa sweta mbili na kofia ya marehemu.
"Mafuta," asema, salamu hajanipa,
"tangi nililijaza kabla ya Krismasi.
Fundi, nyumba hii ina tumbo lisilo shukrani."

Nashuka chumba cha chini, nakalia ndoo.
Kugusa baadaye; kwanza nasikiliza.
Boila inawaka. Dakika mbili. Inazima.
Inawaka. Dakika mbili. Inazima,
kama mtu anayeamka usiku kucha
kuhakikisha mlango aliokwisha kuufunga.

Boila hii waliinunua wakiwa watu kumi na mmoja,
watoto tisa, soksi zikikauka juu ya kila rejeta,
mtu akioga mwingine anagonga.
Sasa ni yeye na paka,
na boila bado inainjika sufuria ya harusi
kwa mlaji mmoja wa uji.

Kanda nne, vali nne, thamostati nne ukutani.
Wa kwanza jikoni, anakoishi.
Wa pili sebuleni, anakopita.
Wa tatu vyumba vya watoto,
uliofungwa tangu kitinda mimba ahamie Moncton.
Wa nne, chumba kimoja mwisho wa ngazi.

"Huo nimeuzima," anapaza sauti kutoka juu,
"tangu Machi. Tangu Odilon."

Nalishika bomba la ukanda wa nne
nikauondoa mkono upesi.

Vali ilikuwa imeshikwa na chokaa, imekwama wazi.
Miezi kumi, usiku na mchana,
kila boila ilipowaka kwa ajili ya jikoni
maji ya moto yalipanda pia huko juu
kukipasha chumba cha mtu asiyekuwepo.

Nikapanda nikamweleza, kifundi, kwa tarakimu.
Akavuta kiti.
"Kumbe chokaa," akasema.
Kila usiku huingia mle, akaniambia, akakaa ukingoni mwa kitanda,
chumba pekee nyumba nzima ambacho miguu haimuumi.
"Sikumuuliza mtu. Nilidhani..."
Akainuka kutazama birika ambalo halijachemka.

Nikafanya kazi hadi giza, na huku giza ni saa kumi jioni.
Nikabadilisha pua ya kichomeo, nikaweka ndogo,
moto uwe wa nyumba hii, si wa ile ya zamani.
Nikayavika mabomba blanketi hadi kwenye viungo.
Rejeta nikazitoa hewa, moja moja,
zikatema, zikapiga kelele za bata, zikanyamaza.
Ukuta wa kaskazini nikatundika kihisio kidogo
kinachoiambia boila hali ya nje:
siku ya upole, maji ya nyuzi hamsini yatosha,
siku kama ya leo, sabini.
Miaka yote yalikuwa themanini, kiangazi na kipupwe,
kama mtu asiyejua kuongea bila kufoka.

Ikabaki vali mpya, ya shaba, mkononi mwangu.
"Niufunge?"
"Funga."
Nimeshakusanya spana, akanishika mkono wa koti:
"Nusu."
"Mama, vali haina nusu. Ama wazi ama imefungwa."
Akatazama dirisha, palipokuwa na mto kabla ya theluji.
"Lakini thamostati ina namba," nikasema,
"na mabomba yasipopata joto kabisa yataganda."
Tukaweka kumi na mbili.
Kwa ajili ya mabomba, nikasema.
Kwa ajili ya mabomba, akakubali,
na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Boila ikawaka. Nikahesabu nikiwa nimesimama na viatu miguuni:
dakika kumi na nne, bila kukohoa.

Vali ya zamani aliniomba. Nilimwachia, na chokaa yake.
Ankara ya Februari sijaiona.
Aliyenuna, nasikia, ni paka.