Ritifaa

Ghorofa ya pili, Barabara ya Kumi na Nane, Ngamiani,
juu ya duka la vyakula vya kuku,
ndipo nilipoandika mlango wa herufi.

Mtaa huu ulinizoeza vibaya.
Anwani zake ni maneno mawili na tarakimu,
moja au mbili, tatu hazifiki;
ukitaka kuzikagua unaandika mstari mmoja
unakwenda kunywa chai.
Nikadhani dunia yote imepimwa kwa kamba ile ile.

Kazi ilikuwa ya ushirika wa maziwa, Pongwe.
Wafugaji mia tatu na arobaini,
jina, simu, lita.
Nikaanza na simu: sifuri, kisha sita au saba,
kisha tarakimu nane, halafu ukuta.
Namba ya Chambegu, yenye nafasi katikati, ikarudishwa.
Ya Mbelwa, aliyeandika O akidhani ni sifuri, ikarudishwa.
Nilijisikia mtu mwenye muhuri.

Kwenye jina nikaandika hivi:

^[A-Za-z]+ [A-Za-z]+$

Nikautazama. Mfupi, mkali,
wembe mpya ndani ya karatasi yake.

Mwalimu Shekue angeupenda.
Pale shuleni alipima beti zetu kwa kugonga kalamu mezani,
mizani nane, pumzi, mizani nane,
na ukizidisha moja tu aliandika pembeni GUNI,
wino mwekundu, bila kusoma ulichosema.
Mwaka ule nilikuwa nimeandika juu ya mdogo wangu
tuliyemzika mwezi wa Februari.
Guni. Mstari wa tatu.

Jumatatu mfumo ukakataa watu kumi na mmoja.
Hawajui kuandika, nikasema.
Jumanne akapanda ngazi mwanamke na dumu tupu,
viatu vya mpira, pumba kwenye upindo wa gauni.
"Ng'washi Lutonja. Lita kumi na nne kila siku.
Wenzangu simu zimelia, yangu kimya."
Nikamgeuzia kioo: *Jina si sahihi.*
Akasoma kwa sauti, neno baada ya neno,
kisha akauliza, wala si kwa hasira,
"Si sahihi kwa nani?"

Nikamwambia shida ni hiki kimkato cha juu,
ritifaa; tukikitoa unalipwa leo leo.
"Ukikitoa, atakayelipwa ni nani?
Huyo Ngwashi mimi simjui.
Hebu andika ng'ombe hapo."

Nikaandika ng'ombe.
Ikaja nyekundu.

Feni ikazunguka. Chini mtu alikuwa anapimiwa pumba.
Miezi minne ya kazi, mfumo mzima wa maziwa,
na ng'ombe haruhusiwi kuingia.

Nikaweka ritifaa ndani ya mabano.
Jina likapita kwenye kompyuta yangu,
likagoma kwenye simu yake:
simu huipinda ritifaa kama ndoana,
yangu ni kijiti kilichonyooka,
na kwa mashine hizo ni alama mbili zisizojuana.
Nikaongeza ndoana.
Nikakumbuka wenye jina moja tu,
na yule mama wa Mabokweni mwenye majina manne,
na wa Maweni mwenye kistari katikati.
Mstari wangu ukarefuka, ukawa na viraka
kama kanga ya jikoni.

Saa nane na dakika kumi simu ikalia mfukoni mwake.
Hakuitazama. Alinyanyua dumu, akashuka.

Sikwenda nyumbani mapema.
Nilihesabu tena kwa vidole, baada ya miaka kumi na tisa,
*Lala, Mhina wa mamangu,*
na ni tisa kweli, Mwalimu hakukosea.
Ya tisa ni ile m ya mwanzo wa jina,
inayotamkwa na midomo ikiwa imefumba.
Ningeandika Hina, ubeti ungetimia.
Lakini Hina hatukumzika.