Mafuta Imeisha

Barabara hii naijua kwa gia:
kutoka Nguba ya tatu,
penye mashimo mbele ya duka la saruji ya pili,
na ukikaribia Nyawera, abiria wawili na gunia la makala,
ya kwanza, huku unamwomba Mungu na mnyororo.
Miaka tisa nimeipanda nimekaa.

Leo niliambiwa nishuke.

Faranga elfu tano, fulana nyeupe,
namba mia mbili na kumi na saba, pini nne,
na dada mmoja mwenye megafoni akisema
kilomita tano si kitu, kilomita tano ni kwa ajili ya utafiti.
Nilimuuliza Daktari Bisimwa neno hilo lina nini ndani.
Akafikiri. Akasema: ni kutafuta
pale ambapo wenzako walishatafuta wakarudi mikono mitupu,
na kuandika hata ulichokikosa.
Nikaelewa, kwani ndivyo nilivyotafuta ufunguo wangu topeni,
ila hilo la kuandika.

Filimbi. Tukatoka.
Wanafunzi wa chuo walipotea mapema kama mshahara.
Masista watatu wenye raba wakanipita wakisali.
Hata mzee Zihindula, fundi wa redio, mguu mmoja mfupi,
akanipita, akaniomba radhi.

Sikujua barabara ina mgongo.
Pale ninapopita kwa kupepesa jicho
kumbe pana ukuta, ukuta una nyufa,
nyufa zina majani,
na majani yale niliyasoma yote, moja moja,
nikihema.
Wauza sambaza wakasimama na beseni zao:
“Motari! Mafuta imeisha?”
Imeisha, mama zangu. Tangu kule chini.

Lakini usiku ule wa mvua,
na ule mwingine, na ule wa Pasaka,
Mama Nsimire aliponipigia simu toka Cimpunda,
mimi mbele nikikwepa mashimo,
mama nyuma, na mtoto katikati yetu
akitaja mifupa yake kwa sauti:
goti, goti jingine, kiuno, kifua.
Damu ya esi-esi, walisema. Chembe zimejikunja kama mundu,
zinakwama mishipani
kama malori njia ya Shabunda.
Nikipunguza gia, alilia. Nikiongeza, alilia.
Nilidhani mwendo ule nimeumaliza usiku ule ule.

Nyawera nilimwona.
Sweta mbili, kofia ya sufu, chupa ya maji.
Amekatazwa baridi, amekatazwa kukimbia;
hakuna aliyemkataza kuhesabu.
Kopo la maziwa magotini: mkimbiaji mmoja, jiwe moja.
Nikatamani kujificha nyuma ya lori.
“Wewe ni wa mia tatu na nne,” akasema.
“Jiwe lako nililishika muda mrefu. Limepata joto.”
Akalitumbukiza.
Mlio wake nilikwenda nao hadi getini.

Nilifika. Nyuma yangu gari la wagonjwa tu,
likija polepole, dereva akinipungia
kama mtu anayengoja mteja.

Chini ya hema walinichoma kidole, tone moja,
kwa kuwa utafiti, kumbe, hautosheki na faranga elfu tano.
Nikanywa soda. Nikapewa karatasi:
A moja, S moja.
Huumwi, akasema Bisimwa, ila unaibeba.
Miaka thelathini na miwili
abiria huyu amekaa kwangu,
hajalipa nauli, hajasema anashukia wapi.

Nabintu tumeshapanga mahari.
Ng'ombe wawili wameonekana, wa tatu anajadiliwa.
Karatasi nimeikunja mara nne, iko mfuko wa shati,
upande wa moyo, na inakwaruza.

Jumamosi nitampitia kwao asubuhi.
Sitamwambia twende mbio.
Tutakwenda hadi maabara, yeye nyuma, mimi mbele,
kwa gia ya kwanza.