Dakika Mbili

Tangazo lilibandikwa mlangoni pa posta, Newala:
usaili wa kikundi cha maigizo, Jumamosi, Mtwara mjini,
kila mmoja aje na maneno yake, dakika mbili,
asimame peke yake, asishike karatasi.

Kwanza nilimchukua malkia.
Nikajitanda shuka la kitandani, nikaamuru vichwa vikatwe
nyuma ya ghala la korosho, mbele ya magunia matupu.
Mlinzi, Nang'anga, akaniuliza kama nina homa.

Nikamjaribu mjane. Mjane analia vizuri,
ila analia tangu neno la kwanza,
na mtu akianza na machozi atamalizia na nini?
Nikamjaribu askari anayekata roho.
Nikatazama saa: dakika nne, bado anaaga.

Alhamisi usiku usingizi ukanipaa, nikakumbuka:
msimu uliopita, mama mdogo Somoe kwenye mizani,
vidole vyeusi kwa utomvu wa mabibo,
karani kaandika daraja la pili.
Hakupaza sauti.
"Mwanangu, hizi nimezianika mwenyewe,
nimezigeuza kama mtoto mwenye surua.
Sema umechoka, nitakuelewa. Usiseme ni mbovu."
Foleni nzima kimya.

Nikayakariri. Nikaenda kumsomea jikoni.
Alisikiliza huku akichekecha unga.
"Hapo kwenye surua umekimbia," akasema.
Kisha, bila kuinua macho:
"Hayo yangu niachie. Nilishayatumia,
hayakunirudishia hata kilo.
Mchukue karani."

"Karani hakusema kitu, mama."

"Alisema. Hukumsikia kwa kuwa ulikuwa upande wangu.
Kalamu ilimtetemeka. Alisema mara mbili."

Sasa nimesimama hapa, ukumbi wa chuo, Mtwara.
Feni moja inazunguka, nyingine imegoma.
Namba thelathini na nne kifuani, kwa pini.
Kabla yangu wamepita malkia watatu.
Jaji wa katikati anatafuna korosho,
nzima, nyeupe, daraja la kwanza.

Nanyoosha kola nisiyokuwa nayo,
nashika kalamu isiyokuwepo,
nalitafuta jina la Somoe kwenye daftari
na mkono unaanza wenyewe, sijauambia.

"Mama," nasema, "mizani haina mama."

Halafu nasema tena,
kwa sauti ndogo zaidi.