Ripoti ya Gari la Mwalimu Khainza

Ukuta wa duka la dawa umelala juu ya boneti.
Chupa za dripu bado zinaning'inia, hata moja haikupasuka.

"Nilikanyaga breki," asema Mwalimu Khainza,
"kwa nguvu zangu zote. Likazidi kukimbia."
Na mguu wenyewe anauinua, kama shahidi.

Polisi wa Mbale wanataka neno moja lenye muhuri:
dereva, au gari.
Tangu saa mbili nimelala mvunguni, tochi mdomoni.

Breki nzima. Bomba halivuji.
Zulia la miguuni limekaa palepale.
Kwenye pedali ya mafuta kuna alama ya soli,
vumbi jekundu, mistari ya kiatu kipya.
Kwenye breki, hakuna hata chembe.

Basi ni yeye. Nikaandika nusu ya jina lake.

Wetaka, fundi wangu mdogo, akawa anachezea kebo:
akivuta, inarudi. Akivuta, inarudi.
Mara ya kumi na saba ikakwama
sekunde moja hivi,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema,
ikarudi.
Tuliivuta mpaka giza likaingia. Haikukwama tena.

Inspekta amepiga simu mara tatu.
"Neno moja tu, fundi!"

Kalamu ninayo. Naangalia viatu vyangu,
najaribu kukumbuka asubuhi, pale mzunguko wa Saa,
ng'ombe alipokatiza
na gari langu likasimama:
niliuona mguu wangu wapi?