Zamu ya Asubuhi

Kamba inagonga mlingoti: ti, ti, ti.
Upepo wa Ibra asubuhi una mchanga kidogo,
wa kutosha meno.
Wasichana mia nne na kumi, mitandio myeupe,
safu kumi na mbili,
na mimi kando, na daftari langu la kijani.

Kazi yangu si kuimba. Kazi yangu ni midomo.

Naangalia nani kafungua, nani kafumba,
nani anatafuna ubani akijifanya anaimba.
Amna, binti wa mfamasia wa Kisudani,
ndiye mwenye sauti kuwashinda wote;
kibali chao cha kuishi hapa kinakwisha mwezi wa tatu.
Namwekea alama ya vyema.
Shinuna binti Khalfan, darasa la saba:
Jumapili, kimya.
Jumatatu, kimya.
Jumanne nikaandika: kimya, lakini kasimama wima.
Mwalimu mkuu akayafuta yale maneno matatu ya mwisho.

Si kwamba namlaumu. Baba yake
alirudi kutoka milima ya Dhofari na mguu mmoja,
na wimbo ule, nyumbani kwao,
ndio uliokuwa mguu wa pili.

Alhamisi akaja bibi yake Shinuna.
Kiarabu chake kilichechemea naye mpaka mlangoni;
aliponisikia nikinong'ona, "Masikini, mpisheni apite,"
akakiacha nje pamoja na viatu.

"Mwanangu," akasema, "kule Unguja,
hata mwaka haujatimia,
nilizisimamia bendera tatu.
Mlingoti ule ule. Mwalimu yule yule,
na bakora ile ile akitupigia mapigo.
Mdomo wangu ulikuwa hodari, ulifaulu mara zote.
Moyo ndio uliochelewa skuli.
Nikaja huku, mtu mzima, watoto wawili kiunoni,
nikajiandikisha kisomo cha jioni.
Usiku wa kwanza wenzangu wakasimama wakaimba.
Mie sikujua hata neno. Nikalia tu,
makamasi mpaka kidevuni.
Hakuna aliyeniandika."

"Na mjukuu wako?"

"Huyu hajaikataa nchi. Kakataa kuiimba
kama mtu anayepiga mswaki."

"Bibi," nikasema, "mswaki ndio unaobakisha meno."

Akacheka mpaka nikayaona yote manne.
"Hapo umenipata." Akainuka, akatengeneza baibui,
akazitafuta ndara zake kwa kidole cha mguu.
"Lakini wewe mwalimu,
wewe wauimba vipi?"

Nikasema nina kipindi.

Usiku ule nilipiga hesabu nyuma ya daftari.
Miaka tisa ya zamu. Asubuhi elfu moja na mia sita, na ushei.
Sikuimba hata moja.
Macho yangu yote hayo yalikuwa vinywani mwa watoto wa watu.
Lau ningeliandika kwa haki,
jina la kwanza kila siku lingekuwa langu,
na wala nisingeweza kuongeza kwamba nilisimama wima,
maana nilikuwa nikizunguka.

Jumapili nikaitia kalamu mfukoni.
Ti, ti, ti.
Nikafungua kinywa kama mgeni abishaye hodi.
Mstari wa kwanza ulinitoka vizuri.
Wa pili nikaudaka mapema, peke yangu,
sauti yangu ikabaki uwanjani kama mtu aliyeshuka kituo sicho,
na safu nzima ya darasa la tano ikageuka, ikacheka.
Nikaendelea. Nilikwisha kufumba macho.
Kulikuwa na jambo kooni ambalo silijui jina,
na sitalipa jina hapa.

Shinuna aliimba ama hakuimba, sijui.

Ukurasa wa siku ile uko mtupu.
Mwalimu mkuu akaushika, akaugeuza, akautazama upande wa pili.
"Kulikoni?"
Mchanga, nikamwambia. Uliniingia machoni.