Walituzika Hagafilo

Walituzika mwezi wa saba,
sakitu imelala juu ya mabua
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.
Maji ya Hagafilo yalikuwa na meno.
Mchungaji Mgaya, gamboti chini ya kanzu nyeupe,
alitushika kisogoni mmoja mmoja
kama afuaye shati la kazi:
Umekufa pamoja naye. Chini.
Umefufuka pamoja naye. Juu.
Obadia mume wangu aliibuka akitweta,
midomo imekuwa zambarau, anacheka.
Mimi nilizama vyema, isipokuwa mkono wa kushoto:
niliuinua juu ya maji
nisiharibu saa niliyonunuliwa Makambako.
Hakuna aliyeuliza. Wote walikuwa wakiimba na kutetemeka.

Kiangazi chote Obadia alikuwa mtakatifu.
Kiangazi hakuna ulanzi.

Januari milanzi ikaanza kulia ilipokatwa,
mbeta zikajaa asubuhi, zikajaa jioni,
na marehemu wangu akaikumbuka njia ya kwa Mama Kitosi.
Alirudi usiku akiwasalimia mbuzi kwa majina ya wajomba zake.
Maiti gani hii, nikasema, inayodai ugali saa sita?
Nikachukua mkaa, nikachora mstari nyuma ya mlango.
Kesho yake mwingine.
Nachora kwa kushoto; kwa kushoto nachimba, kwa kushoto naandika.
Kufikia Kwaresima mistari ilikuwa thelathini na mmoja,
nami niliijua kama mlezi anavyojua meno ya mtoto.

Machi tukachimba viazi.
Udongo mweusi, unashika jembe
kama mwenyeji asiyetaka mgeni aondoke.
Nikang'oa shina: viazi saba vyeupe,
ngozi bado ya kubanduka kwa kidole,
na chini yake kile cha zamani,
mbegu niliyoifukia Novemba:
ganda tu, maji yanayonuka, jina bila mwenyewe.
Nikakaa juu ya tuta.

Kufa kulikwisha siku ya kufukiwa.
Kuoza ndiko kunakochukua mvua nyingi.

Na yule aliyetundikwa nje ya mji, Ijumaa, saa tisa,
hakufa peke yake kama tunavyomlilia;
alikuwa amembeba Obadia mbavuni, pamoja na mbeta yake,
akashuka naye kaburini
kabla babu wa Obadia hajapanda mlanzi wa kwanza.
Kinachokwenda kwa Mama Kitosi ni harufu.
Harufu si mtu.

Hapo ningeinuka nimeshiba mahubiri yangu mwenyewe.
Lakini shina lililofuata lilikuwa jembamba, majani manjano,
na chini yake mbegu ilikuwa nzima,
ngumu kama siku niliyoipanda.
Haikuoza. Haikuzaa.
Niliishika, nikaitazama,
na mkono ulioishika ulikuwa wa kushoto.

Jioni nilishuka mtoni peke yangu,
nikavua saa, nikaiweka juu ya jiwe.
Sikutafuta ubatizo wa pili;
kifo ni kimoja, na kilishatosha.
Nilitumbukiza tu kilichokuwa kimebaki nje,
mpaka kiwiko, mpaka mifupa ikalia.
Kama yule mwanamke mwenye mkaa alikwenda na maji, sijui.
Harufu yake naisikia bado, hasa Jumamosi.

Nyumbani nikaufuta mlango kwa kitambaa kibichi.
Mkaa hautoki wote; unabaki ukungu wa kijivu.
Saa tatu hodi ikapigwa.
Sikumnusa.
Nikafungua.