Mgongo kwa Jukwaa

Sharti la kazi lilikuwa moja, Keith alilirudia mara mbili
akitugawia vizibao vya manjano nyuma ya lori:
usigeuke.
Wao waitazame bendi, wewe uwatazame wao.
Basi nimesimama tangu saa nane mchana
kwenye uwanja wa nyasi nje ya Hull,
chuma cha kizuizi usawa wa kitovu,
maspika mgongoni, marefu kama ghala,
na masikioni vizibo vya sifongo.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyofunzwa.
Mimi ugenini natunzwa nisicheze:
pauni kumi na mbili na peni kadhaa kwa saa,
chai ya bure,
na sandwichi ya yai iliyolowa.

Jua la Julai la huku halina adabu.
Saa tatu usiku bado limekaa
kama mgeni asiyejua kuaga,
linababua shingo za watu
waliolisubiri mwaka mzima na sasa hawalijali.

Sijui mpiga gitaa ana sura gani.
Namsoma kwenye nyuso.
Akiubana uzi mwembamba, nyusi elfu saba hupanda.
Akinyamaza ghafla, midomo hubaki wazi
kama ndoo kwenye foleni, bomba likikata.
Mpiga ngoma naye simwoni, ila kuna baba mwenye upara
anayemfuatisha kwa kijiti cha aiskrimu juu ya kizuizi,
amechelewa pigo zima,
amefumba macho, hana habari.

Wengine huja kwa juu.
Wanapitishwa mikono kwa mikono kama matofali kwenye ujenzi,
mimi na Darek tunawapokea:
mguu, kiuno, jasho, samahani.
Mmoja alifika na kiatu kimoja.
Mmoja alikuwa bibi wa miaka sabini hivi,
mwepesi kuliko begi langu,
akaniambia jambo refu akicheka,
vizibo vikalimeza lote.

Mvua ikapiga dakika saba. Hakuondoka mtu.

Ndipo nikamwona, safu ya kwanza, kushoto,
binti asiyeimba.
Nilidhani anazidiwa, nikampelekea maji.
Akatikisa kichwa, akaligusa sikio lake,
akapunga kiganja: hamna.
Kisha akaushika mkono wangu
akautandaza juu ya chuma.

Na chuma kilikuwa kinasema.
Si sauti. Ni kile kitanguliacho sauti:
mngurumo ukinipanda kiwikoni,
ukishuka mbavuni, ukinihesabu meno
kama kinu cha jirani alfajiri,
unachokisikia kwa ubavu kupitia sakafu
kabla hujajua kwamba umeamka.

Tukasimama hivyo, nyimbo tatu, labda nne.
Yeye anatazama asichosikia,
mimi nimekipa mgongo nilichokiziba.
Akaniandikia jina lake hewani kwa vidole,
herufi tano, au sita.
Sikuipata hata moja.
Nikamwandikia langu kwa kidole kwenye chuma chenye mvua,
likachuruzika kabla sijafika mwisho.

Keith akapita. Akautazama mkono wangu.
Akaitazama saa yake, akaenda zake.

Saa tano wakazima mitambo.
Umati ukaisha polepole, kama maji ya beseni lenye takataka,
yakizunguka, yakikwama, yakienda.
Yule binti sikumwona akiondoka.
Nikavitoa vizibo, na kwa mara ya kwanza nikageuka:
kijana wa kaptura anakunja nyaya,
fagio limeegemea ngoma,
na chupa ya maji, nusu,
pale aliposimama mtu nisiyemjua.

Dereva wa basi la wafanyakazi akauliza:
vipi, walipiga vizuri?
Nikafikiri kidogo.
Nikamwambia yule mwenye upara alianza vibaya,
lakini kufikia mwisho
alikuwa ameshaikamata.